Walirekodi Juu ya Sauti ya Mume Wangu

Mume wangu alifungua kinywa mbele yangu na mbele ya mtoto wetu, pale Coventry Road, Birmingham, magari yakipita, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya Mchungaji Barnaba Shamavu, inahubiri. Na mume wangu wakati huo alikuwa kaburini kule Nakuru, miaka karibu kumi.

Najua utacheka. Cheka tu, mimi nimeshachekwa na watu wenye magauni ya kwaya. Sikusoma, niliacha shule darasa la nne nikaenda kuchuma pareto, kwa hivyo sina maneno ya kukupambia uongo. Sikuwa nimelewa. Sikuwa naota, nilikuwa nimesimama kwa magongo na mguu unaniuma, na mtu anayeumwa na mguu haoti. Tena sikuona peke yangu.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo, uwajue watu hawa.

Mume wangu jina la nyumbani alikuwa Njuguna, lakini Nakuru walimwita Farasi. Hajawahi kupanda farasi hata siku moja. Alijaribu punda wa muuza maji, punda akamlaza kwenye matope na kofia yake, na baada ya hapo jina likamkaa kabisa. Aliimba zile nyimbo za cowboy. Si zile za adabu zinazopigwa redioni Jumapili asubuhi, hapana, zile za baa: mlevi aliyeachwa, mke aliyeondoka na dereva wa lori la maziwa, mtu anayeambiwa baa inafungwa na hana pa kwenda. Watu wa kwetu wanazipenda nyimbo hizo kuliko hao Wamarekani wenyewe. Farasi alikuwa anatelezesha kipande cha bomba la maji juu ya nyuzi za gita, likilia kama mtu, na mimi nilikuwa naitikia nyuma. Ndivyo tulivyopatana. Nilikuwa nauza supu nje ya baa, akasikia nikiitikia wimbo wake kutoka jikoni, akaja na bakuli tupu mkononi, akaniambia, "Wewe dada, unaniibia wimbo." Nikamwambia, "Lipa supu kwanza, cowboy wa punda."

Tulirekodi nyimbo zake za kwanza kwenye chumba cha nyuma cha baa hiyo hiyo. Walisimamisha magodoro ukutani ili kelele za walevi zisiingie, na ziliingia vilevile. Kwenye wimbo mmoja unamsikia mtu akiitisha mutura, ile nyama ya utumbo ya kuchoma. Zilitoka kanda tatu. Mtu mmoja wa Nairobi alikuwa ameahidi kumpeleka studio ya kweli baadaye, zile za kwetu zilikuwa za kumwonyesha tu. Kwenye ile ya tatu, wimbo ukishaisha, Farasi anacheka halafu anaongea. Nilikuwa na mimba. Anasema, "Huyu akiwa msichana ni Nyokabi, jina la mama yangu, na asiniletee kiburi cha mama yangu." Kisha anamwimbia kidogo, bila gita, wimbo usio na maneno. Basi.

Hizo ndizo zilikuwa za kwanza, na kwa sababu ya Gitonga ndizo zilikuwa za mwisho. Gitonga alikuwa tajiri wa mahindi, na lori lake liliachwa katikati ya barabara bila taa, bila hata matawi ya kuwaonya watu. Pikapu yetu ililigonga tukitoka kupiga muziki Naivasha. Farasi alikufa, na mpiga besi akafa. Mimi nilitolewa na mtoto wangu tumboni na mguu uliokuja kuwekwa vyuma. Gitonga hakufikishwa hata mbele ya karani. Namtaja hapa kwa sababu hakuna mwingine anayemtaja.

Baadaye binamu yangu aliyekuwa nesi alinivuta huku Birmingham. Nikapata kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba kubwa moja ya zamani kule Moseley, na chumba cha kuishi Small Heath, mimi na Nyokabi. Mtoto alikua akisikia Kiswahili changu na kunijibu Kiingereza. Lakini kila jioni alikuwa analala na ile kanda ya tatu. Alikuwa anasubiri pale anapotajwa. Akisikia jina lake anasema, "That's me," anageuka ukutani, analala. Baba yake hakuwa na picha nzuri hata moja, zote kofia imefunika uso. Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa na baba wa sauti. Hicho ndicho alichokuwa nacho, hakuwa na kingine. Umenielewa? Kingine hakikuwepo.

Sasa nakuja kwenye kanisa.

Tulikuwa tunasali kwenye ukumbi wa kukodi, karibu tu na Coventry Road. Wengi walikuwa ndugu wa Kongo, wa Uvira na Bukavu, na sisi Wakenya wachache. Sina ubaya nao kama watu. Walinipokea vizuri, na nilipofika sina koti walinipa koti. Mchungaji Barnaba alikuwa na huduma ya kanda. Kila Jumapili mahubiri yake yanarekodiwa, yananakiliwa, yanatumwa kwa ndugu walioachwa nyumbani, kwenye kambi za wakimbizi, hata Nakuru. Watu wengi kule walikuwa bado wanatumia redio kaseti. Kanda mpya zilianza kuadimika madukani, kwa hivyo akatangaza madhabahuni: leteni kanda zenu za zamani, za miziki ya dunia, tuandike Neno juu yake. Watu wakaleta mifuko. Mimi sikupeleka.

Ule mguu wenye vyuma ukaharibika, nikalazwa. Na unajua desturi yetu, mtu akilazwa kina mama wa kanisa wanaingia nyumbani kwake. Wanapika, wanafua, wanalala na mtoto. Niliwapa ufunguo kwa mikono yangu na nikawashukuru. Aliyeshika ufunguo ni Mama Furaha, ambaye ndiye alikuwa anakaa kwenye meza ya kurekodi kanisani.

Niliporudi, nyumba ilikuwa inang'aa. Mapazia yamefuliwa, sufuria zimesuguliwa mpaka nikajiona ndani yake. Na kisanduku cha kanda kilichokuwa chini ya televisheni hakipo.

Nyokabi alikuwa amekaa kitandani na viatu, hataki kuvua. Nikamuuliza kanda ziko wapi. Akaniambia bila kuniangalia, "I told her they're my dad's. She said Daddy would be happy, they're for Jesus now."

Nilikwenda kwa Mama Furaha na magongo yangu. Aliponiona mlangoni akafurahi, akanivuta ndani. "Ma sœur, dada yangu, umeshapona? Ingia, ingia, nakuwekea chai." Nikamwambia sitaki chai, nataka kanda za Farasi.

"Zile za kaboyi?" akasema. "Lakini mama, ile ilikuwa ya baa tu. Balevi banaimba, moja anaitisha nyama. Nilionea mtoto huruma, analala na balevi kila siku."

"Zilikuwa zimevunjwa mgongo, Mama Furaha."

Wewe kama umekulia na kaseti unajua nasema nini. Juu ya mgongo wa kanda kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukitaka kanda isirekodiwe tena, unavivunja, na mashine ikikuta lile shimo inakataa, kitufe chenyewe hakibonyezeki. Farasi alizivunja mwenyewe kwa kisu cha jikoni, zote tatu, siku tuliyomaliza. Huko kwetu hata mtoto anajua maana yake. Na kila mtu anajua pia namna ya kuidanganya mashine: unakunja kikaratasi, unaziba shimo.

"Machine ilikataa, kweli," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nikamwambia Pasta hizi zinakataa. Akacheka, akakata karatasi kidogo ya matangazo, akanionesha namna ya kuziba. Alisema shetani ndiye anakataa."

Mbili zilikuwa zimeshatumwa, hajui Uvira au wapi. Moja ilikuwa bado mezani kanisani. Akaniambia niifuate kwa mzee wa kanisa anayefungua mlango jioni.

Basi ilikuwa Disemba. Na Disemba ya huku, saa kumi ya jioni ni giza kama usiku wa manane, maduka yamewasha taa, watu wanatoka msikitini wamejikunyata, watoto wanatoka shule gizani. Nilimchukua Nyokabi shuleni, tukaenda ukumbini, mzee akanipa kanda. Ilikuwa na karatasi mpya juu yake, imeandikwa jina la mahubiri. Chini ya ile karatasi niliona bado kidogo ya mwandiko wa Farasi, lakini hautoshi kujua kama ni ile ya tatu. Niliitia mfukoni. Nyokabi alikuwa anashikilia ule mfuko wa koti langu kwa nje, kwa mkono wote, kama mtu anayeshika kuku asiruke.

Tulipotoka nikamwona mtu amekaa kwenye kiukuta kifupi, mbele ya duka la vitambaa. Kofia pana. Goti moja amelipandisha, mkono umening'inia juu yake. Niamini, mke hasahau mume wake anavyokaa. Unaweza kusahau uso lakini si ukaaji. Nilisema moyoni, ni mtu tu, huku kuna kila aina ya watu na kofia. Halafu akainuka akaja, na nikaona buti zake, zile zilizoshonwa na fundi wa Nakuru, moja imepinda kidogo ndani.

Kulikuwa na baridi ya kukata. Kila aliyepita alikuwa anatoa mvuke mdomoni, mimi natoa, mtoto anatoa. Yeye alifika karibu hivi, naweza kumgusa, na mbele ya mdomo wake hakukuwa na kitu.

Ulitaka nikimbie? Na magongo? Na hata ningekuwa na miguu ya swala nisingekimbia. Nilikuwa nimemlilia mtu huyu miaka. Nilimwambia kwa Kikikuyu, umekuja. Alikuwa anamwangalia Nyokabi. Alimwangalia kuanzia viatuni, polepole, sare ya shule, glavu, mpaka usoni, na akatabasamu. Hakuwa amezeeka. Mimi nilikuwa nimekuwa mkubwa kwake, nina mvi, na nitasema ukweli, niliona aibu.

Alimwinamia mtoto. Nikajua anachotaka kusema, ungejua hata wewe. Alitaka kumwita jina.

Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Barnaba.

"Mwambie jirani yako, msiba wangu umekwisha! Mwambie tena!"

Ile ile, yenye kukwaruza, ya kipaza sauti cha ukumbini. Na baada yake, kutoka kinywa kile kile kimoja, ukatoka umati mzima ukiitikia "Amina!", na kikohozi cha Mama Furaha anayekaa karibu na mashine. Nilikisikia kikohozi chake kikitoka kwenye koo la mume wangu.

Farasi alishtuka. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Hakuwa amekuja kututisha, alishtuka kuliko sisi. Alijiwekea mkono mdomoni kama mtu aliyetapika mbele ya wageni. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena, taratibu, akiangalia mtoto, midomo inaliunda jina, naliona kabisa, Nyo-ka-bi, na masikioni yanaingia mambo ya adui na miguu na ushindi na nani anasema amina. Akajaribu kuimba. Akashika gita ambalo halipo, vidole vikakaa mahali pake, akafumba macho kama alivyokuwa akifumba kwenye chumba chenye magodoro, na aliyeimba akawa Barnaba anatangaza sadaka.

Mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa anapita na mifuko yake alituangalia, akasema "Bismillahi," akavuka barabara. Sijui aliona nini. Sikumpata tena kumuuliza.

Farasi machozi yakamtoka. Alifunga kinywa, akakibana kwa nguvu, na akakaa hivyo, amebana. Nyokabi akamnyooshea mkono wenye glavu. Mtoto hakuogopa, mpaka leo nasema, hakuogopa hata kidogo. Aliuliza tu, "Mum, why's he got Pastor's voice?" Basi kubwa likasimama kituoni, watu wakashuka, wakapita kati yetu na mifuko yao ya plastiki na simu zao, na walipokwisha kupita hakukuwa na mtu mwenye kofia. Tulisimama pale mpaka mtoto akaanza kutetemeka.

Nyumbani nilicheza kanda. Nilicheza upande huu na upande ule, mwanzo mpaka mwisho, sikio langu limegusa spika. Mahubiri. Nilikuwa natumaini labda mwishoni kabisa mahubiri yameishia kabla ya kanda, wamebakiza kidogo. Barnaba ni mtu wa kuongea. Alikuwa amejaza yote.

Jumapili nilikwenda kumwona, kwenye kachumba kake nyuma ya ukumbi. Mke wake akatuletea chai. Nilimweleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mikono ikiwa tumboni, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha Biblia, "Dada mpendwa, hilo ni pepo la ukoo. Linajivika sura ya marehemu. Tutakufungia maombi."

Nikamuuliza, "Pepo la ukoo wangu limeitoa wapi sauti yako, Mchungaji?"

Akanywa chai.

"Nakuuliza wewe. Sura ni ya Njuguna, sawa, limeiba. Sauti yako nani amelipatia?"

Akasema zile zilikuwa nyimbo za ulevi na uzinzi. Nikamwambia kwenye ile ya tatu mtu anamtaja mwanawe aliye tumboni, uzinzi uko wapi? Akasema hakuwa anajua. Nikamwambia hukujua kwa sababu hukusikiliza, lakini shimo uliliona, na ulilikatia karatasi mwenyewe. Mke wake akaanza kuomba kwa sauti, akinena kwa lugha, ili nisisikike. Nje kwaya walikuwa wananisubiri, wamesikia yote mlangoni, na nilipopita wakaanza kucheka: "Mama Kaboyi! Bwana hajambo?" Sikurudi tena pale.

Sasa nikuambie kilichobaki, maana watu wanadhani jambo kama hili likipita limepita.

Mimi nilikuwa naimba na Farasi. Sauti yake nilikuwa nayo kichwani, hata bila kanda, naweza kuiita wakati wowote, nikiwa naogesha mzee, nikiwa nakoroga uji. Tangu jioni ile siwezi. Nikimkumbuka, uso unakuja, kofia inakuja, ile pumzi anayovuta kabla ya kuanza inakuja, na kinachofuata ni Barnaba. Nimejaribu kujiimbia sehemu yangu ya kuitikia ili yake ifuate. Naitikia, nangoja, anakuja Barnaba. Hawakufuta kanda tu. Sijui walifanya nini, mimi si mtu wa kusoma, lakini haikuwa kanda tu.

Nyokabi amekuwa msichana mkubwa. Hataki redio ndani ya nyumba. Akiitwa jina na mwanamume yeyote, hata mwalimu, anageuka haraka sana, halafu uso unaanguka. Nimeuona uso huo ukianguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Na kwenye ile barabara, Disemba ikifika, tunapita upande wa pili.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayesoma. Kama una kanda ya marehemu wako, usiiache chini ya televisheni ukidhani kila anayeingia kukufulia mapazia anajua ni nini. Usimpe mtu ufunguo kabla hujaificha. Na usiniambie ni plastiki tu. Kama uko Uvira au Nakuru au popote, na umetumiwa mahubiri kutoka Birmingham, na ukiangalia mgongo wa kanda unaona imezibwa kwa kikaratasi, nakuomba, isikilize mpaka mwisho, usikilize hata kile kimya cha mwisho. Ukisikia mtu anacheka, niletee.

Na wewe Mama Furaha, ulinipikia na ukanifulia, na nimejaribu kukusamehe, nikashindwa, maana mtoto alikuambia. Alikuambia kwa mdomo wake ni za baba yake, ukamsikia.

Na wewe Barnaba Shamavu. Siku hizi nasikia una ukumbi mkubwa zaidi na mashine za kisasa. Sitaki maombi yako. Nataka uje usimame mbele ya Nyokabi, bila kipaza sauti, bila mkeo, umwambie ni nani alikupa ruhusa ya kukaa kwenye kinywa cha baba yake. Mjibu yeye, si mimi. Kiswahili anakielewa chote. Nyumba unaijua.